Syombua ambaye hakuzaliwa

Naikumbuka siku ile tukivuna ndengu shambani kule Kanyangi, mwanangu, nikiwa bado mke mpya. Damu yangu ya mwezi ilikuwa nyingi kupita kiasi, na nilikuwa nimeificha kwa muda mrefu kwa vitambaa na sweta ya kujifunga kiunoni. Tulifunzwa hivyo: mambo ya tumbo la mwanamke hayasemwi. Nikaanguka pale shambani, mbele ya wanaume waliokuwa wakipura.

Mama mkwe wangu, Syombua, alifungua leso yake akanifunika. Akaita pikipiki, akapanda nyuma yangu, akanishikilia mpaka hospitali.

Daktari alisema kizazi kimejaa uvimbe, na damu niliyobaki nayo ni kidogo. Ningekuja mapema, pengine uvimbe pekee ungetolewa. Sasa ni kizazi chote, ama nife.

Nikakataa. Nililia, "Mwaitu, nikitolewa kizazi nitarudi kwako kama nani?"

Mwaitu ni mama kwa Kikamba, nami sikumwita jina lingine. Alikaa kitandani akanitazama.

"Mueni," akasema, "tulikuja kwa baba yako kuomba wewe. Hatukuomba tumbo. Weka sahihi, twende nyumbani."

Nikaweka.

Kwa mila yetu, msichana wangu wa kwanza angepewa jina la Mwaitu. Wake wa wanawe wengine walikuwa mbali, huko mijini, na watoto wao waliitwa majina ya kizungu tu. Kwa hivyo Mwaitu alizikwa bila Syombua mdogo, na hakuwahi kunilaumu hata siku moja. Shangazi za mume wangu walipoleta habari ya mke wa pili, aliwapa chai akabadilisha mazungumzo.

Nimezeeka, lakini bado nikisikia mama akiita mtoto jioni, kitu kinanivuta kifuani. Namtamani yule msichana ambaye sikumzaa. Na Mwaitu namkumbuka kwa hamu zaidi.

Basi nisikilize, wewe ninayekuita mwanangu ingawa sikukuzaa. Damu ikizidi, maumivu yakikulaza, usijifungie nayo. Mwambie mtu, uende hospitali mapema. Hakuna aibu hapo. Na ukiwa mama mkwe, mpende msichana wa watu hata kama hatakuzalia.

Mungu akulindie mwili wako wote, mwanangu, na asikunyime mtu wa kukufunika.