Moshi wa Kwa Jael

Mimi Navalayo nilipakana na Jael kule Chekalini mwaka wa njaa ya mahindi ya njano, Uhuru ukiwa bado mbichi. Jael alikuwa na kiburi cha jikoni. Jioni lazima moshi utoke kwake, unga uwepo usiwepo. Mumewe alikwenda Kitale kutafuta kazi akanyamaza kabisa, akamwachia Kageha, binti yao mdogo, na sufuria ya maji inayochemka bure. Hakutaka tujue kwamba hana kitu. Na sisi wengine? Tulifanya vivyo hivyo, wajinga sisi!

Basi kamati ya misaada ya Kakamega ikamtuma Phineas, mpangaji wao wa mgao. Magunia yalikuwa machache, naye alikuwa na mbinu yake. Alisimama kilimani jioni na darubini, akachora ramani: boma lenye moshi lina chakula, lisilo na moshi lipewe mahindi. Kamati ikamsifu kwa kupanga upesi bila kusumbua watu. Haki ya Mungu, kutuuliza kungemgharimu nini?

Jael akakosa. Kageha akaanza kuvimba miguu, na hapo kiburi kikamwisha mamake. Akambeba mgongoni hadi kituo cha misaada, nikamsindikiza.

"Bwana Phineas, mimi napikanga maji tu," alisema mbele ya watu wote, machozi yakimtoka.

Phineas alimtazama mtoto, akainama akaigusa ile miguu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo.

"Mama, ramani imeshapitishwa. Lakini lori la Jumamosi lina magunia ya ziada. Zima moto. Dereva ameambiwa ashushe penye boma lisilo na moshi."

"Si umpe hapa hapa!" nikamfokea. "Kwani humwoni huyu mtoto?"

"Nikitoa nje ya mpango, kesho watakuja mia moja. Nitawapa nini?"

Tukarudi, Jael akazima moto, nami nikazima wangu. Kulikuwa na baridi ya mvua. Kageha alijikunja kando ya mafiga akitafuta joto ambalo halikuwepo. Nilimpelekea uji baridi uliokuwa umebaki kwangu, ukamtoka mdomoni. Jael akawa anaomba Jumamosi ifike, anaomba kwa sauti, hata aibu hana tena.

Jumamosi alfajiri nikasikia yowe lake. Nilipofika, mtoto alikuwa amekwisha kutuacha. Wazee wakawasha moto wa matanga uani, watu wapate pa kukaa. Kuni zilikuwa mbichi, moshi ukapanda mwingi.

Lori likaja asubuhi hiyo hiyo, kama Phineas alivyoahidi. Likashusha gunia kwangu. Kwa Jael likapunguza mwendo, dereva akachungulia, akaona moshi, akakanyaga mafuta.

Nilitoka mbio nikipiga kelele lisimame. Jael akanishika leso.

"Liache liende, Navalayo," alisema. "Nitampikia nani?"