Debe moja la maharage, kadi ya mtu mmoja: bima ya matibabu niliyomkatia mama enzi za Ujamaa

Wakuu, za jioni.

Nimekuwa nasoma nyuzi zenu za bima ya afya kimya kimya. Huyu anauliza achukue kifurushi gani, yule analalamika kwamba amelipa mwaka mzima na hajaugua hata mafua, hela yake imeliwa.

Huyo wa pili ndiye aliyenifanya niandike. Mama yangu mzazi alilalamika hivyo hivyo miaka ya sabini. Tofauti ni kwamba yeye hakuishia kulalamika, alikwenda mpaka hospitali kudai chake.

Naandika niliyoyaona tu. Shule yangu iliishia darasa la nne, na madaftari niliyokuwa naandikia mambo yangu mchwa wamekula mengi, kwa hiyo mwaka wenyewe siutaji nisije nikawadanganya. Bahati nzuri hapa nyumbani yupo mtu mwingine aliyeshuhudia, nikikosea ananikatisha. Ameshanikatisha kabla hata sijaanza.

Haya.

Kwetu ni milimani, Ileje. Baba alishafariki. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari mmoja, na mimi nilikuwa nimeoa msimu huo huo. Mke wangu aliitwa Neli, Mnyiha wa upande wa Mbozi. Mama yangu Mndali. Neli hakijui Kindali, mama hakijui Kinyiha, wakabaki na Kiswahili katikati, na Kiswahili cha mama kilikuwa cha kuokoteza sokoni.

Mashamba yakipumzika nilikuwa nashuka Tunduma kufanya kibarua cha kupakia magunia kwa mfanyabiashara mmoja, Mzee Shabani, Mwislamu aliyetokea pwani huko. Alikuwa na lori moja bovu analolipenda kuliko watu. Kumbukeni jina lake, ana kazi katika habari hii.

Mwaka huo hospitali ya misheni iliyoko mlima wa pili kutoka kwetu ilitoa tangazo. Zahanati ya serikali ilikuwa bure, nisiisingizie, mganga wake alijitahidi, ila dawa zilikuwa zinakwisha mapema na kuchelewa kuletwa. Pale misheni dawa zilikuwepo, lakini unalipia. Sasa wakasema: baada ya mavuno, mtu akileta debe la maharage anaandikiwa kadi, na kwa mwaka mzima anatibiwa bila kulipa. Maharage yanalisha wagonjwa.

Debe moja, kadi moja, mtu mmoja. Hakuna kadi ya familia.

Balozi wetu wa nyumba kumi alipinga. Alisema kulipia ugonjwa ambao haujafika ni kuutengenezea barabara. Kwa haki niseme hakuwa mjinga, watu wengi walikuwa na wasiwasi huo, na mimi mwenyewe nililala nao.

Nilipofika Tunduma nikamuuliza Mzee Shabani. Akanielekeza kwa kidole kwenye kile kikaratasi kilichobandikwa kwenye kioo cha lori.

"Hiyo ni bima, Lusajo. Mwaka jana nimelipia, na lori halikupinduka. Unataka nikae chini nilie kwamba halikupinduka?"

Nikaelewa. Au nilidhani nimeelewa.

Nikarudi nyumbani na shida nyingine. Baada ya kutenga mbegu na chakula, ziada yetu ilikuwa debe moja. Nani aandikwe? Mimi ndiye nabeba magunia, mgongo ukikatika tumekwisha. Neli alikuwa mke mpya, siku yoyote tungepata ujauzito. Mama ndiye mzee. Nilifikiri mpaka nikawa napiga jembe sehemu niliyokwisha kulima.

Hapa inabidi niwaambie jambo lililokuwa ndani ya nyumba, maana ndilo lililoamua.

Neli na mama walikuwa hawaelewani. Hawakugombana hata mara moja, wakuu, ingekuwa nafuu. Walikuwa hawasemeshani. Neli alilelewa kwa adabu za kwao: mkwe anasalimiwa kwa kupiga magoti, macho chini, sauti ndogo kabisa, kwa sababu kumpazia mkwe sauti ni kumvunjia heshima. Kila asubuhi anapiga magoti, anasalimia. Mama anampita kama anavyopita kisiki.

Neli akaona anadharauliwa kwa Unyiha wake. Akazidisha adabu. Sauti ikazidi kushuka.

Mama naye akaniambia, tena kwa sauti ya kusikika mpaka kwa balozi, "Mke wako mzuri, lakini ana kiburi. Anapiga magoti, halafu hafungui mdomo."

Nikadhani mama ameamua kumsingizia. Neli akadhani namtetea mama. Nikawa mtu wa kati, nawaelewa wote wawili na simsaidii yeyote.

Kwa hiyo nilipomwambia Neli kwamba nimefikiri kadi iwe yake, alijibu taratibu, "Andika jina la mama. Ukiandika langu, atasema nimekuja kumlia maharage."

Nikaandika jina la mama.

Naona kuna mkuu ameshauliza hapo chini kwa nini nisingegawa debe nusu kwa nusu. Mkuu, nilimwomba karani wa pale hilo hilo. Akaniuliza nusu mtu atatibiwa sehemu gani.

Mwaka ukaenda. Mama hakuugua. Malaria ilipita kijijini ikamlaza balozi, ikamlaza nusu ya mstari wetu, mama akaamka kila siku kabla ya jogoo. Na mimi kila nikikumbuka lile debe nasema moyoni, Mzee Shabani hakulia, nami nisilie.

Nyumbani lakini kulizidi kupoa. Neli alipata ujauzito, na tumbo lilipokuwa kubwa akasema atakwenda kujifungulia kwao Mbozi. Hiyo ni kawaida, mimba ya kwanza wengi huenda kwa mama zao. Ila nilimwona anafunga vitu ambavyo mtu wa kurudi havifungi. Alifunga mpaka mkeka wa kulalia. Kaka yake angekuja kumchukua Jumamosi.

Nikamuuliza kama atarudi. Akasema, "Nirudi kwa nani? Wewe uko Tunduma. Hapa naishi na mtu ambaye hajaniitikia salamu tangu nimeingia."

Mpaka leo nikitafuta jibu ambalo ningempa, silioni.

Sasa wiki hiyo hiyo, mavuno yamekwisha, mama akatoka na debe tupu kichwani amejifunga kanga mbili, akasema twende misheni.

Nikamuuliza kwa kupaza sauti kama kawaida yetu, anaumwa nini.

"Siumwi. Ndiyo maana nakwenda. Mwaka umekwisha, sijaugua, wanirudishie maharage yangu."

Wakuu, msicheke haraka. Kwetu ukiweka mbegu kwenye ghala la jirani kwa sababu lako linavuja, jirani anakutunzia, na msimu ukifika unakwenda na chombo chako unachukua. Asiyekurudishia anaitwa mwizi. Mama alielewa kadi ile hivyo: ameweka maharage kwa wazungu wamtunzie, angeugua yangetumika, hakuugua, kwa hiyo yapo. Mwaka mzima mimi sikujua kwamba anaelewa hivyo. Na aliyemweleza habari za kadi ni mimi, kwa hiyo sijui nani alaumiwe.

Nilimfuata ili nisaidie kuomba radhi.

Tulipokelewa na nesi mmoja mtu mzima, mnene, mcheshi, watu wote walimwita Mama Rehema. Mama akatua debe mezani, akaweka kadi ndani yake. Akaeleza kesi yake. Watu waliokuwa kwenye foleni wakasogea.

Mama Rehema hakumcheka. Alimweleza kwamba maharage yalishaliwa na walioumwa, na kwamba kesho angeumwa yeye, angekula ya wengine. Mama akamwangalia mdomo, akajibu, "Ndiyo, ya mistari. Yangu yalikuwa ya mistari."

Nesi akarudia. Mama akasema shamba liko upande wa mtoni.

Foleni ikacheka. Nesi akazunguka nyuma ya mama kama mtu anayefuata kitu kabatini, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mama, debe lako lina nyoka."

Mama hata hakutikisika. Aliendelea kunitazama mimi, anasubiri maharage.

"Kijana," nesi akaniambia, "mama yako hasikii. Hamkujua?"

Nilijisikia vibaya, lakini nieleze ilivyokuwa. Sisi wa milimani tunazungumza kutoka shamba hadi shamba, bonde liko katikati, kupaza sauti ni maisha yetu. Mimi nilimsemesha mama kwa kelele tangu utoto, na masikio yalivyokuwa yanaziba nadhani tulizidisha kelele kidogo kidogo bila kujua. Uso kwa uso alikuwa anasoma midomo. Mtu mmoja tu kijijini alikuwa anaongea naye kwa sauti ndogo ameinamisha uso.

Mmeshamjua.

Kadi ilikuwa imebakiza siku chache. Nesi akasema basi itumike, hakuna haja ya kugombania debe. Akamchungulia masikio kwa tochi, akasema hajaona ukuta wa nta wa namna hiyo tangu aanze kazi. Akamtia mafuta ya kulainisha, akampa kitanda tulale.

Jioni walileta ugali na maharage. Mama akachambua kwa kidole, akasema, "Haya si yangu. Yangu yanaiva vizuri zaidi." Akala yote, akaomba tena.

Asubuhi nesi akaja na bomba kubwa la sindano lisilo na sindano, na maji ya vuguvugu. Nikashika beseni. Yaliyotoka siyaelezi, kuna watu wanasoma huku wanakula. Sikio la kulia, halafu la kushoto.

Mama akashika mkono wangu kwa nguvu, akaniuliza kwa kunong'ona, "Nani anafagia?"

Kulikuwa na mtu anafagia nje, uani, mbali kabisa.

Njia nzima ya kurudi ilikuwa hivyo. Anasimama, anasikiliza. Maji ya kijito. Nyuki. Viatu vyangu vya matairi, akaniambia vinalia vibaya sana, nivue. Nilipomjibu kwa kelele kama kawaida akaziba masikio.

"Unanifokea nini, Lusajo? Niko hapa."

Nikaanza kumweleza habari za Neli, akanikataza. Akasema, "Nyamaza, nitasikia mwenyewe." Alipenda sana hilo neno siku hiyo.

Tukafika jua linaanza kushuka. Ilikuwa Ijumaa, furushi la Neli liko mlangoni tayari, yeye yuko jikoni anachochea moto, mgongo kwetu. Alipoona kivuli cha mama akageuka, akapiga magoti kwa shida na lile tumbo, macho chini. Akasalimia kwa sauti yake ile ile, kama mtu anayetimiza wajibu wake kwa mara ya mwisho.

"Shikamoo, mama."

Mimi nilikuwa mlangoni na karibu nisiisikie.

Mama akaweka debe chini polepole, lisipige kelele. Akasema, "Marahaba, mwanangu."

Neli akainua uso.

"Kumbe una sauti," mama akasema. "Nzuri hivyo, na ulikuwa unanificha?"

Neli alianza kulia, halafu akacheka, halafu vyote viwili kwa pamoja. Mama akakaa chini palepale kwenye majivu, akamwambia amsalimie tena. Akamsalimia. Akamwambia tena. Mimi nikatoka nje, nilikuwa siwafai kitu.

Kaka yake alikuja Jumamosi akakuta furushi limefunguliwa. Alikasirika kidogo kwa kutembezwa bure, tukampa kuku akasahau. Neli alijifungulia pale pale misheni, na mama ndiye aliyetoka nje kutuambia mtoto amelia, tena kwamba yeye ndiye wa kwanza kumsikia, ingawa nesi alikuwa karibu zaidi.

Kabla ya hapo mama alikuwa amepeleka madebe mawili. Moja la Neli, moja lake. Alimwambia karani, "Haya msinitunzie. Wapeni watu wale." Balozi naye alipeleka lake.

Nilipomsimulia Mzee Shabani, alicheka mpaka akashika bodi la lori. Kisha akakiri kwamba lile lori halijawahi kumrudishia furaha ya namna hiyo.

Funzo langu ni dogo, na sina uhakika kama linafaa kwa bima zenu za sasa zenye vifurushi na mitandao, ambazo hata mimi natumia na sizielewi zote. Kwanza, mweleze vizuri mtu unayemlipia, usidhani ameelewa. Pili, ukishalipa, usingoje mpaka uanguke. Nenda wakuchunguze ukiwa mzima. Mama alikwenda mzima, tena kwa ugomvi, na ndiyo siku aliyotibiwa.

Mlioko humu, kama uwezo wako ungekuwa wa kumlipia mtu mmoja tu nyumbani, ungeandika jina la nani? Na mwenyewe angekubali? Niambieni, nitasoma zote.

Yule wa kunisahihisha amesoma mpaka hapa. Anasema hakulia kwanza, alicheka kwanza. Namwachia, yeye ndiye aliyekuwa amepiga magoti.