Mama Aliyenifundisha Kulaza Mmea Juu ya Mawe

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, kisha unisikilize. Mimi si mtu wa hadithi za mizimu. Miaka yangu yote nimekuwa deklaran pale Bunagana, mpakani, natayarisha karatasi za magari ya mizigo, na kazi ile inamfundisha mtu asiamini kitu mpaka kifunguliwe akione. Hili nililiona kwa macho yangu. Jua lilikuwa halijazama, na tumboni sikuwa na kitu zaidi ya chai.

Vita vilipofika Bunagana tulikimbia, mimi na mke wangu, na godoro moja na sufuria. Hapa Goma tukapata nyumba ya mbao ya kupanga kule Katoyi, ndani ya parsele, yaani kiwanja, ya mjane mmoja anaitwa Mama Furaha. Unazijua parsele za Goma? Chini ni mawe meusi ya volkano tu, ukipiga jembe mkono wote unakufa ganzi. Udongo wa kupanda mboga tunaununua kwa mifuko. Sasa kwenye kona ya nyuma, juu ya rundo la mawe, kulikuwa na mmea unatambaa bila udongo wowote. Majani yake mafupi, manene, yamejaa maji, na maua madogo mekundu yanayofunguka jua likitoka, wingu likipita yanajifunga. Nilisimama nikashangaa. Kazi sikuwa nayo, mpaka ulikuwa umefungwa. Nikasema basi, huu ndio mzigo wangu wa kushughulikia.

Mke wangu alinicheka mpaka akashika mbavu. "Muzee, ulikuwa unatisha madereva, leo unabembeleza majani!"

Na niliulea vibaya, niamini. Nilibeba bidoni ya maji kutoka mbali, nikamwagia asubuhi na jioni, nikijisifu. Mmea ukageuka njano. Mashina yakawa laini kama ndizi iliyooza, na mimi nikaongeza maji. Kichwa ngumu, si unajua watu wa umri wangu!

Jioni moja, mvua imetoka kukatika, natoka nyuma ya nyumba nakuta mama amechuchumaa pale konani. Amevaa sweta ya kiume ya kijani, na kitenge amekifunga mgongoni kama mtu anayebeba mutoto, lakini mgongoni hamna mutoto. Sikushtuka. Siku zile Katoyi yote ilikuwa imejaa watu waliokimbia, wanaingia kwa parsele yoyote kuomba maji au pa kupumzika. Nguo zake zilikuwa kavu kabisa. Hilo niliona, nikajijibu mwenyewe kwamba alijikinga mahali.

"Jambo, papa," akasema. "Munaiua na maji."

Nilitaka kukasirika. Nani kamuuliza? Lakini sauti yake ilikuwa ya upole, Kiswahili cha kuokota, hasira ikanipotea. Akanionyesha kwa kidole. Mashina yaliyooza nitoe yote. Yaliyo mazima nikate chini ya kifundo, niyaache kivulini mpaka kidonda kikauke, maana ukipanda kidonda kibichi kinaoza. Kisha nilaze juu ya mawe.

"Nizike mizizi kidogo?" nikauliza.

"Hapana, papa. Usizike. Laza tu. Hapa hatuwezi kuzika, ni mawe. Itashika yenyewe."

Nikafanya hivyo, na kweli ikashika! Kila kifundo kilitoa vinywele vyeupe, vikaingia kwenye vitundu vya jiwe kutafuta vumbi. Nilifurahi kama mutoto.

Akawa anakuja, si kila siku. Kila mara ni jioni, na kila mara namkuta ameshafika. Tulizungumza, na hapa ndipo penye uchungu wangu, sikiliza vizuri. Aliniuliza, "Barabara bado imejaa watu?" Nikamwambia imejaa, mama, wengine wanalala juu ya mawe. Akauliza maji wanagawa wapi. Nikamwelekeza kwenye matanki ya plastiki. Akauliza kama ugonjwa wa kuhara umepungua huko kambini. Nikasema bado, lakini watu wa msaada wako mbioni. Alikuwa anaitika, "Ee, ee." Tulielewana sawasawa. Niambie wewe, ningejuaje? Maswali yake yalikuwa ya miaka mingine, majibu yangu ya mwaka huu, na katika mji huu hayakupishana hata kidogo.

Jina lake sikumuuliza. Wala atokako. Vita vimetufundisha adabu hiyo: mukimbizi humuulizi. Jina linasema kabila, kabila linasema upande, na upande umeua watu. Unampa maji, unampa pa kukaa, unanyamaza. Na mimi, niliyewauliza watu majina na watokako pale mpakani mpaka wakanichukia, nilijiona sasa nimekuwa mutu mwema.

Mara ya mwisho mmea ulikuwa umefunika karibu rundo lote. Nikamletea kiti, akakataa. Nikamwambia achukue vipande akapande kwake, maana kila mtu anayeuona huomba kipande. Akarudi nyuma kidogo, akasema, "Hii yangu ni ya hapa." Kisha akanitazama, akasema, "Papa, hamuna kitu cha kuniuliza?"

Mungu wangu! Ningefungua mdomo tu. Swali moja, nililouliza mara elfu kwa watu wasio na haja nalo!

"Hapana, mama," nikasema, tena kwa fahari. "Hapa kwangu hatuulizi watu. Ujisikie nyumbani."

Uso wake ukaanguka. Sina namna nyingine ya kusema. Akainama, akavuta shina moja lililokuwa limeinuka, akalirudisha juu ya jiwe taratibu, na kulipapasa. Niligeuka kuondoa kiti, ni kugeuka tu. Nilipotazama tena hayupo. Geti letu la bati lilikuwa na mnyororo na kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Hapo ndipo nywele ziliponisimama.

Nilienda mbio kwa Mama Furaha, alikuwa anasonga ugali. Nikamweleza kila kitu, sweta ya kijani, kitenge kitupu mgongoni. Akaacha mwiko ndani ya sufuria, akakaa chini.

"Mwaka ule wa wakimbizi na kipindupindu, kama miaka thelathini nyuma," akasema, "mimi nilikuwa nimeolewa karibuni. Mama huyo aliingia hapa kuomba maji. Mutoto alikuwa ameshamufia mgongoni, yeye hajajua bado. Mume wangu alijaribu kuchimba, jembe likavunjika. Wakamupangia mutoto mawe juu, pale konani. Mama akatoa kijiti cha mmea katika furushi lake, alikitoa kwao, akakilaza pale. Asubuhi tulimukuta naye amekufa kando ya barabara. Wakamubeba na wengine ndani ya lori."

"Aliitwa nani?" nikauliza. "Na mutoto?"

Mama Furaha alilia. "Hatukuuliza, papa. Watu walikuwa wengi mno."

Sikulala. Nilielewa alichokuwa anangoja miaka yote ile. Hakutaka maji yangu wala kiti changu. Alitaka mtu mmoja amuulize mutoto wake anaitwa nani, asibaki rundo la mawe tu. Na alipompata mtu, akanipata mimi, mwenye adabu.

Nilienda parokiani kuomba misa. Padri akashika kalamu, akauliza, "Tuombee nani?" Nikasema, "Mama na mutoto." Akasema sawa, Mungu anawajua. Mungu anawajua, sikatai. Lakini mimi ningeweza kuwajua pia, na hilo linaniuma mpaka leo.

Hakurudi tena. Mpaka ulipofunguliwa wenzangu waliniita Bunagana, nikakataa kwenda, na mke wangu amechoka kunigombeza. Kila jioni nakaa konani. Nauliza kwa sauti, majirani wakinisikia shauri yao: "Mama, jina lako nani? Mutoto anaitwa nani?" Hakuna anayejibu. Mmea unaendelea vizuri tu.

Basi nakuonya, wewe unayenisikia. Ukikuta mmea huo popote Goma, juu ya mawe, na hakuna anayejua nani aliupanda, usiung'oe. Na ukimkuta mama amechuchumaa kando yake, achana na adabu zako. Muulize jina lake. Muulize la mutoto. Kisha fanya haraka uniletee majina hayo Katoyi, usiku au mchana. Nitakufungulia.