Shokapu Ndani ya Ndoo ya Maji ya Moto

Ninaikumbuka asubuhi moja ya Makambako, mwanangu, na jana umenirudisha huko uliponitumia ile picha kwenye simu. Shokapu ya gari lako inavuja, umepata nyingine ya mtumba kwa bei ya chini, imepakwa rangi nyeusi inang'aa, na unaniuliza uichukue au uiache. Mimi si fundi, nimelima viazi maisha yangu yote. Lakini kuhusu shokapu ninayo maneno, na utayasikiliza yote, kwa sababu umeuliza mwenyewe.

Nilikuwa binti wa umri wako. Mama yangu, yaani bibi yako, aliteleza akiteremka shambani hapa Kichiwa, akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, akawekewa vyuma, akalala hospitali muda mrefu. Siku za kuruhusiwa zilipokaribia, daktari alituita akatueleza kwamba mama asafiri akiwa amelala, na gari lisimrusherushe, la sivyo kazi yote inaweza kuharibika. Alilirudia hilo akitutazama machoni, nami niliogopa kweli.

Gari la wagonjwa lilikuwa la kuleta watu, si la kuwarudisha makwao. Tulilokuwa nalo ni la Baba mdogo, steshenwagoni kuukuu, na shokapu yake moja ya nyuma ilikuwa inavuja mafuta mpaka tairi linalowa. Kazi ya shokapu unaijua. Gari likiingia kwenye shimo, springi inataka kurukaruka, na shokapu inaituliza. Ikiishiwa mafuta, shimo unalipita lakini gari linaendelea kudunda kana kwamba bado uko ndani yake. Na ndani ya gari lile ndimo tulimotakiwa kumlaza mama na nyonga yake.

Mpya ilibidi iagizwe kutoka Dar es Salaam, na hatukuiweza, maana viazi vilikuwa bado ardhini. Basi asubuhi ya siku ya kumchukua mama, mimi na Baba mdogo tukaondoka mapema kwenda Makambako kwa muuza spea za mtumba. Ulikuwa mwezi wa sita. Baridi yetu ya mwezi wa sita haihitaji kusimuliwa. Hata mbwa walikuwa wamejikunja majivuni.

Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu, amejifunga shuka juu ya koti. Alitusalimu vizuri, "Kamwene, mzee," akaingia ndani, akatoka na shokapu nyeusi tii.

"Hii ni ya Japani, mzee, haijaguswa na mtu. Ikandamize mwenyewe uone."

Baba mdogo akaisimamisha chini akaikandamiza kwa mikono miwili. Ilishuka taratibu, ngumu, inabishana naye. Akatabasamu, mkono ukaenda mfukoni.

"Baba mdogo," nikasema, "subiri kwanza."

Sikujua lolote kuhusu magari. Nilichokijua ni asali. Mama hakununua asali asubuhi ya baridi bila kuipasha. Huku kwetu baridi ikikaza, hata asali iliyochanganywa na maji ya sukari inakuwa nzito, inadondoka kwenye kijiko polepole kama asali halali. Kwa hiyo mama aliomba kidogo, akaitia kikombeni, kikombe akakiweka kwenye maji ya moto, kisha akaanza kupiga soga za watoto na za kwaya, hana haraka hata kidogo. Ikipata joto, ya uongo inakuwa maji. Wauza asali walimjua, na wengine walipomwona anakuja walifunika ndoo zao. Mimi nikaitazama ile shokapu nikajiuliza, humu ndani si kuna mafuta? Na mafuta si huganda kwa baridi? Sasa ugumu huu ni wa shokapu yenyewe au ni wa mwezi wa sita?

"Tungoje ipate joto," nikasema.

Baba mdogo alinigeukia kwa hasira. "Mama yako yuko kitandani anatusubiri, wewe unasubiri jua?"

"Sisubiri jua. Naenda kuomba maji ya moto."

Jirani na duka palikuwa na mama ntilie, sufuria lake linachemka. Aliniuliza ninataka kumwogesha nani asubuhi yote ile. Nilipomjibu kwamba ni shokapu, alicheka mpaka akashika kiuno. Maji alinipa, lakini kwenye ndoo ya kudekia.

"Dada, shokapu haiogeshwi," muuzaji akalalamika.

"Kama ni nzima, haitapata mafua," nikamjibu, nikaitumbukiza.

Wapita njia wakasogea kutazama. Tulikaa hivyo, Baba mdogo akinung'unika na kutazama barabara, mpaka utando wa mafuta ulipoanza kutanda juu ya maji. Hapo akaacha kunung'unika. Niliitoa, nikaifuta, nikampa aikandamize tena. Ilizama yote mara moja, ikabaki huko huko chini. Mtu alikuwa ameijaza mafuta mazito, akaifuta vizuri, kisha akapaka rangi juu ya mahali panapovuja.

"Hata mimi niliuziwa hivyo hivyo," muuzaji akasema, akijikuna kichwa. Huenda ilikuwa kweli. Sikutaka ugomvi, mama alikuwa anasubiri.

"Basi tuletee zile ambazo hukuzipaka rangi," nikamwambia.

Akatoa mbili kutoka uvunguni mwa meza, zimejaa vumbi na kutu kidogo, sura mbaya kabisa. Tukazitia kwenye maji mengine ya moto. Maji yakawa ya tope, lakini mafuta hakuna. Baba mdogo akazikandamiza zikiwa na joto lile lile, zikambishia. Na kwa kuwa hakuna aliyezipenda sura, alituuzia zote mbili kwa bei nafuu, fundi wa hapo jirani akazifunga kushoto na kulia.

Tukamchukua mama. Tulimlaza nyuma juu ya godoro, nikakaa pembeni yake nimemshika mkono. Barabara ya lami ilipoisha nilianza kusali kimoyomoyo. Tukafika pale penye makorongo, unapajua, nikafumba macho. Gari likashuka, likapanda, likatulia. Nikafumbua macho nikiogopa kuukuta uso wake umekunjamana kwa maumivu.

Alikuwa amelala. Mdomo wazi, anakoroma.

Nililia, mwanangu. Baba mdogo akauliza kutoka mbele, "Vipi huko nyuma?" Nikamwambia amelala. Naye akasema, "Mama huyu na asali yake!"

Sasa sikiliza. Kununua mtumba si aibu, sote tumefika hapa kwa mitumba. Ila usikikubali kitu kwa sababu kimekuridhisha katika saa inayompendelea muuzaji. Kipashe moto kwanza. Rangi mpya isikuzuge, na ukipata nzuri badilisha kulia na kushoto pamoja, hata kama inayovuja ni moja. Na huyo kijana anayekuchumbia, unayesema ni mpole sana, mwangalie pia siku atakayoudhiwa. Akikuharakisha mtu kwa kusema kuna anayekusubiri, mkumbuke huyo anayesubiri, kwa sababu ndiye utakayemlaza nyuma ya gari. Baba mdogo aliharakisha kwa kumpenda mama, nami nilichelewa kwa kumpenda huyo huyo.

Nenda dukani kesho, ubebe chupa ya maji ya moto, wakikucheka ucheke nao. Mungu aliyemfikisha bibi yako nyumbani akulinde barabarani, akupe mkono mtulivu kwenye usukani, na kila utakayembeba katika maisha yako apate usingizi.