Shikamoo, Injini

Fundi jirani yangu ameweka injini ya zamani sebuleni, juu ya kochi, akaifunika kanga ya mkewe. Katika mji mzima haina mwenzake ila ile iliyomo kwenye gari langu, iliyokufa kabureta, nami nangoja anigawie kabureta ya hiyo yake. Kila asubuhi ananawa mikono hadi viwikoni, anashika spana na kutangaza, "Leo namchinja!" Ndivyo mafundi wanavyosema wakitaka kuifungua mashine na kugawa vipuri. Kisha anafunua kanga na ulimi unamponyoka: "Shikamoo, bibi." Basi, kazi imeharibika. Anamfuta vumbi kwa kidole gumba, anamfunika tena taratibu.

"Ukishamwamkia mtu, utamchinjaje?" anafoka mkewe, ambaye siku hizi anakaa sakafuni.

Jana nilimsihi fundi aingie bila salamu. Akaingia amejiziba mdomo kwa kiganja. Nikiwa mlangoni nikasikia nati ikilegea, kwiii, halafu ikikazwa mbiombio. Akatoka na spana yake mkononi.

"Bibi amekataa," alisema, akilitazama gari langu kwa huruma. "Tena kumbe naye amepungukiwa vipuri. Anauliza, hilo lako tunalichinja lini?"