Kiangazi Salamanda Alipotoka Majini

Fleti yetu ya Ilford, ughaibuni, ilikuwa na harufu mbili zisizopatana: sebuleni udi wa Shangazi Mwanakombo, na kwenye ukumbi wa mlangoni harufu ya mto, ya mawe yenye ukoga na majani yanayooza taratibu ndani ya maji baridi. Hiyo ya pili ilihamia kwetu nilipokuwa na miaka kumi, siku Bwana Len wa ghorofa ya chini alipokwenda kuishi kwa binti yake, ambako hakukuwa na nafasi ya tangi lake la kioo, akaniachia mimi. Ndani ya tangi aliishi salamanda mkubwa, wa aina ya vijito vya misitu ya magharibi ya Marekani: rangi ya udongo, kichwa kipana kama upawa, na matamvua ya kupumulia yakining'inia nje ya shingo kama manyoya yaliyolowa. Kuuliza si ujinga, nami nilimuuliza Bwana Len mpaka akachoka. Alinieleza kwamba mama hutaga mayai chini ya jiwe mtoni na kuyalinda kwa miezi. Watoto hukaa majini miaka kadhaa wakipumua kama samaki. Kisha baadhi hupoteza matamvua na kutoka kwenda kuishi msituni, na wengine hawageuki kabisa, huzaa na kuzeeka humo humo majini. Huyu wake angefuata njia ipi, alisema, hakujua.

Shangazi, aliyenilea, alikuwa akitunza wazee kwa zamu za usiku. Aliporudi asubuhi na kulikuta tangi, hakuvua koti, alivua kiatu. Kwao Mombasa mjusi kafiri huuawa popote aonekanapo, kwa kuwa husimuliwa kwamba ndiye aliyeupuliza moto alimotupwa Nabii Ibrahim ili uzidi kuwaka. Chura haguswi, maana yeye alibeba maji mdomoni kwenda kuuzima.

"Mjusi kafiri kapanda ndege mpaka Ilford," alisema. "Hebu nipishe."

Nilimjibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa jengo letu. "Sisikii," akasema, ingawa kazini alikizungumza usiku kucha. Ikabidi niyatafute maneno.

"Si mjusi, Shangazi. Mtazame shingoni. Mjusi hana matamvua. Huyu ni wa ukoo wa chura."

"Nani kasema?"

"Bwana Len."

"Bwana Len hajui hata kutawadha, atamjua mjusi kafiri?" Lakini aliinama akatazama, na kiatu kikashuka kidogo. "Haya. Maadamu ana hayo manyoya yake, akae. Siku nikimwona mjusi, nitaua mjusi."

Kiangazi kile kilikuwa cha joto, nami nilishinda nikitumbukiza chupa za barafu tangini ili maji yabaki baridi, na kufukua nyungunyungu wa kumlisha nyuma ya jengo. Asiyekujua hakuthamini: Shangazi, aliyeanza kwa kupita ukutani kama anayekwepa mbwa, akawa anavuta kiti na kunywa chai yake ya asubuhi mbele ya kioo. Ndiye aliyeona kwanza. "Manyoya yanapungua," alisema. Nikasema ni mwanga tu, lakini nilikikumbuka kiatu. Kila wiki matamvua yalifupika, ngozi ikaota mabaka kama ya jiwe la marumaru, na ushahidi wangu wote ukayeyuka mbele ya hakimu wake.

Asubuhi moja tulimkuta amepanda juu ya jiwe, kichwa nje ya maji, koo likipanda na kushuka. Shingo yake ilikuwa tupu. Shangazi alikuwa tayari ameshika kiatu.

"Sasa nambie huyu ni nani."

Nilisimama kati yake na tangi. "Shangazi, ulishamwona mtoto wa mjusi?"

"Wengi. Wadogo kama kidole."

"Walikuwa na matamvua?"

Akainama karibu na kioo.

"Mjusi huzaliwa mjusi. Nani huanza kama samaki, kisha akatembea nchi kavu?"

"Kiluwiluwi," akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa na asiyechukia kushindwa. Akavaa kiatu. "Basi usisimame kama nguzo. Mwagie maji, ngozi itamkauka."

Salamanda aliishi nasi miaka mingi. Mimi niliacha shule mapema, nikahama kazi na miji, na leo swali kama lile ningeiuliza simu, ingejibu kabla chai haijapoa. Ni haraka zaidi, wala sidharau. Ila simu isingemfanya Shangazi akae miezi mizima akitazama kiumbe alichotaka kukiua, wala isingenipa mimi lugha hii ninayoandikia. Sasa Shangazi amestaafu. Nilipomwambia nataka kwenda kuviona vijito vile vya Marekani, hakuniuliza nitarudi lini wala nitakula nini huko. Aliuliza kama mtu mwenye magoti mabovu kama yake anaweza kuinua jiwe mtoni bila kuanguka. Nikamwambia nitamshika mkono.