Sombe ya Mbele ya Macho

Kambi nzima ya wakimbizi ya Rubondo inajua kwamba Madeleine hatwangi sombe nyumbani. Majani ya muhogo huyachuma alfajiri, huyafunga kwenye pikipiki ya Damascène, bodaboda wake, pamoja na kinu na mchi, na kuyapeleka mjini Mbarara. Huko hutwanga uani kwa mteja, mteja akitazama. Hiyo ni kwa sababu Bienfait, mlanguzi wa sombe, aliwalisha watu wa mjini majani ya juzi yenye magugu ndani, mpaka matumbo yakawakata. Nyumba kumi na moja zikamhama, zikaja kwa Madeleine.

Jumamosi moja Bienfait alimvizia Madeleine njiani karibu na Rugaaga, yeye na vijana wawili. Rungu lilitangulia kwenye goti la Damascène, pikipiki ikalala.

"Mama, Mbarara ni yangu! Ukikosa leo tu, bote batarudi kwangu."

"Mbarara uliilimaka siku gani, we mutoto?"

Panga likapasua gunia, vijana wakayakanyaga majani matopeni. Lakini Madeleine aliwahi kukimbia vita vya Fizi, Kongo, akiruka maiti, na huyo Bienfait alikuwa mgongoni kwake, mtoto mchanga wa jirani aliyeuawa. Atamwogopaje?

Akanyanyua mchi. Mkono wa Bienfait ulivunjika kwa kishindo cha kuni kavu. Panga la kijana mmoja likashuka, vidole viwili vya Madeleine vikabaki kuning'inia kwa ngozi. Alipiga tena, meno ya kijana huyo yakadondoka juu ya majani, nao watatu wakatokomea migombani.

"Mama, twende kliniki!" Damascène alilia.

"Hata Mbarara kliniki iko. Okota majani yenye uzima."

Huko Mbarara, Mwalimu Eliane, mteja wa kwanza, alifungua lango akapiga yowe. "Mama, ulale! Leo nitanunua sokoni."

"Sokoni ni kwa Bienfait." Madeleine, mkono umefungwa kwa kitenge kinachotona damu, alitwanga mara moja kwa kushoto, kinu kikapinduka. Akamsukumia Eliane mchi. "Shika weye."

Nchani mwa mchi mlikuwa na damu. Eliane aliuosha mara mbili, akaanza kutwanga, viganja vikamtoka malengelenge.

"Chini zaidi, mwalimu! Usiogope, hayo majani hayana panga."

Nyumba nyingine nne nazo zikajitwangia mbele yake mpaka majani yakaisha. Ndipo Madeleine alipokubali kliniki, madaktari wakamkata vidole vyote viwili. Siku hiyo nyumba tano zilikula sombe. Sita zilizobaki ziliambiwa zingoje Jumamosi nyingine, zikangoja bila kurudi kwa Bienfait.